Somo la Ugatuzi: Gavana Hufuata Nini Nairobi?

Kila wanaposikia kwamba gavana au maafisa wa kaunti wamesafiri kwenda Nairobi, wakazi wengi huuliza: ikiwa ugatuzi ulileta serikali mashinani, kwa nini viongozi waende tena kubisha hodi jijini? Swali hilo ni la haki, maana safari hizo hulipiwa kwa pesa za umma.

Pesa nyingi hutoka Hazina ya Kitaifa

Kaunti hukusanya kodi za ardhi, ada za leseni, soko na maegesho. Hata hivyo, katika kaunti nyingi sehemu kubwa ya bajeti hutokana na mgao wa mapato ya taifa. Kifungu cha 203 cha Katiba kinataka kaunti zote 47 kwa jumla zipewe angalau asilimia 15 ya mapato hayo, kwa kufuata hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kinachozidi hapo hupatikana kwa kujadiliana.

Majadiliano hufanyika wapi?

Tume ya Ugavi wa Mapato hutoa mapendekezo yake. Magavana nao huzungumza kwa sauti moja kupitia Baraza la Magavana. Kisha Mswada wa Ugavi wa Mapato hufikishwa Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia mwisho wa Aprili. Mswada huo hugawa pesa kati ya serikali kuu na kaunti. Mswada wa pili huonyesha fungu la kila kaunti, kwa kutumia mfumo ambao Seneti huuweka kila baada ya miaka mitano. Katika kura hiyo, kila ujumbe wa kaunti una kura moja.

Mifano miwili

Mwaka 2020, maseneta walishindwa kuafikiana mara kadhaa kuhusu mfumo mpya. Kaunti kadhaa, hasa za kaskazini na pwani, zingepunguziwa mgao. Mwafaka ulipatikana Septemba, na mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wa kaunti ukapanda kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370. Hakuna kaunti iliyopunguziwa.

Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa, serikali kuu ilipendekeza mgao wa kaunti ushuke kutoka bilioni 400.1 hadi bilioni 380. Baada ya mvutano na upatanishi, kaunti zilipata takriban bilioni 387.4. Tofauti hiyo ya zaidi ya bilioni 7 ni dawa, mishahara na barabara.

Kazi zisizo za kaunti

Jedwali la Nne la Katiba limegawa majukumu. Zahanati, hospitali za kaunti, shule za chekechea, masoko na barabara za kaunti ni za serikali ya kaunti. Polisi, shule za msingi na za upili, na barabara kuu ni za serikali kuu. Wakazi wakiomba kituo cha polisi au barabara kuu itengenezwe, kaunti haiwezi kutenga pesa tu na kuanza kazi. Ni lazima hoja ipelekwe kwa wizara husika.

Mkazi afanye nini?

Hoja nzito jijini ni ile iliyoanzia wadini na kuandikwa. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Hudhuria vikao vya kukusanya maoni, au andika barua ukitaja mahali, tatizo na idadi ya watu wanaoathirika.

Viongozi wakirudi, waulize maswali matatu: walikwenda ofisi gani, waliomba nini, na waliahidiwa nini, lini? Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi lako ndani ya siku 21.

Safari ya Nairobi hupimwa kwa kilicholetwa nyumbani. Mwenye haki ya kupima ni mkazi.