Baada ya Kusasisha Seva: Ya Kufanya na Yaliyo Mwiko

Maagizo haya ni ya mtunza seva aliyetoka Debian 12 kwenda Debian 13, lile toleo la Agosti 2025, akakuta mipangilio yake haifuatwi tena.

Mwiko: kugusa faili lolote kabla ya kuiuliza programu inasoma lipi. Utakuta mtu anafungua faili alilolizoea, anabadilisha namba, anawasha huduma upya, haoni tofauti, anabadilisha tena. Ni sawa na kumpigia mtu kwenye laini aliyokwisha kuitupa. PostgreSQL ukiiandikia `SHOW config_file;` itakutajia njia kamili. `nginx -T` humwaga mipangilio yote pamoja na jina la kila faili ilimotoka. Uliza kwanza, hariri baadaye.

Mwiko: kuiamini `php --ini` kwa mambo ya tovuti. Amri hiyo inakujibu kuhusu PHP ya terminali, inayosoma `/etc/php/8.4/cli/`. Tovuti inayotumia FPM husoma `/etc/php/8.4/fpm/`. Weka ukurasa wa `phpinfo()`, uusome, uufute papo hapo. Usiulaze hadi kesho.

Tazama namba iliyo katikati ya njia. Debian 12 ilikuja na PHP 8.2 na PostgreSQL 15. Debian 13 ina 8.4 na 17. Kwa hiyo `/etc/php/8.2` yaweza kuwa ipo bado, imejaa kazi yako yote, na tovuti haina habari nayo. Hamisha mistari uliyoibadilisha tu. Usichukue `php.ini` zima la zamani ukalibandika juu ya jipya. Na usikimbilie `apt purge` kusafisha vifurushi vya zamani: `remove` huacha mipangilio, `purge` huifuta.

PostgreSQL haitaki haraka. Kifurushi cha 17 huunda klasta mpya, tupu, na kwa kuwa mlango 5432 umeshikwa na ile ya 15, mpya hupewa 5433. Hapo ndipo watu hutangaza kwamba data imepotea, kumbe wanachungulia nyumba isiyo yao. Anza na `pg_lsclusters`. Chukua nakala ya data kwa `pg_dumpall`, uihifadhi nje ya seva hiyo. Ukishahakikisha ya 17 ni tupu, andika `pg_dropcluster --stop 17 main`, kisha `pg_upgradecluster 15 main`, ambayo huhamisha data na mipangilio. Isome namba kwa sauti kabla ya kubonyeza Enter. Amri ya kufuta haikuulizi kama una hakika, na aliyeandika 15 badala ya 17 atabaki na ile nakala tu, kama aliichukua.

Usimjibu dpkg kwa usingizi. Anapouliza juu ya faili ulilolibadilisha, bonyeza D uone tofauti. Ukibaki na lako, jipya huwekwa kando kwa mkia wa `.dpkg-dist`, ukikubali jipya, lako hupewa `.dpkg-old`. Kazi ikiisha, yasake yote:

`find /etc -name '*.dpkg-*'`

Kwa watu wa Fedora na Red Hat, mikia ni `.rpmnew` na `.rpmsave`.

Achana na `/etc/sysctl.conf`. Katika Debian 13, systemd-sysctl hailisomi tena. Peleka mistari yako kwenye faili linaloishia na `.conf` ndani ya `/etc/sysctl.d/`. Ukiona umeonewa, kafungue maelezo ya toleo: yamesema wazi, na yalitolewa yasomwe kabla ya kusasisha.

Usihariri chochote chini ya `/usr/lib/systemd/system`. Sasisho lijalo litakifuta. Tumia `systemctl edit`.

Programu ikikataa kabisa kusema, iendeshe kwa `strace -f -e trace=openat` na ufuatilie mistari ya `ENOENT`: kila mmoja ni faili iliyolitafuta ikalikosa, na njia yake imeandikwa hapo hapo.