Msiufuate Mpira Nyote

Muhula uliopita timu yetu ya Kidato cha Kwanza ilifungwa na wageni mabao 5 kwa 0. Wengi walisema vijana wetu ni wavivu. Mimi niliyewafundisha napenda kukiri hapa kwamba kosa lilikuwa langu, na kueleza jinsi tulivyolirekebisha, ili wengine wasilirudie.

Siku ile vijana wetu walikimbia kuliko wageni, lakini walikimbia pamoja. Mpira ulipokwenda, wote tisa walikwenda, kama kuku waliotupiwa mtama. Mmoja tu, kijana mdogo wa winga ya kushoto, alibaki peke yake karibu na mstari. Nikampigia kelele, "Wewe, fuata mpira! Umekuja kutazama?" Akatii, akaingia katika kundi, wala hakuugusa mpira hata mara moja.

Mchezo ulipokwisha alinijia. "Shikamoo, Mwalimu. Nilisimama pale kwa sababu hapakuwa na mtu. Nilidhani wenzangu wataniona." Sikuwa na la kujibu. Usiku nikachukua kalamu nikapiga hesabu.

Uwanja wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Tukiwagawia wachezaji 20, bila makipa, kila mmoja atapata mita za mraba 357. Wakijikusanya wote katika mraba wa mita 20 kwa 20, kila mmoja atabaki na mita za mraba 20 tu, kadiri ya chumba kimoja. Ni nani awezaye kutuliza mpira, kuinua macho na kumchagua mwenzake wa kumpa, huku wapinzani wakimkanyaga visigino?

Wakubwa wa mchezo huu waliijua siri hiyo zamani. Tarehe 25 Novemba 1953, Hungaria iliifunga Uingereza mabao 6 kwa 3 katika uwanja wa Wembley, London. Nándor Hidegkuti alivaa jezi namba 9 ya senta fowadi, lakini hakukaa mbele, alirudi nyuma. Senta hafu wa Uingereza, Harry Johnston, akawa hana la kufanya. Akimfuata, aliacha pengo mbele ya goli. Akibaki, Hidegkuti alicheza bila kusumbuliwa. Hidegkuti peke yake alifunga mabao 3. Basi yafaa tujue kwamba mchezaji asiye na mpira naye anafanya kazi, kwa mahali anaposimama.

Haya ndiyo mazoezi tuliyofanya muhula huu.

La kwanza: Piga mraba wa hatua 10. Weka wachezaji wanne pembeni na mmoja katikati. Wanne wapeane mpira, wa katikati auwinde. Akishautoa, mchezaji asisimame. Aende mahali ambapo mwenzake aweza kumpa tena bila adui kuwa kati yao.

La pili: Gawa uwanja kwa majivu kuwa njia tatu, kutoka goli hadi goli. Tukiwa na mpira, kila njia iwe na mtu wetu. Njia moja ikiwa tupu, napiga filimbi na mpira unakwenda kwa wapinzani. Siku ya kwanza filimbi ilinichosha. Wiki ya tatu niliipiga mara chache.

La tatu: Tukipoteza mpira, tukaribiane upesi na kuziba njia ya goli letu. Kutawanyika ni kwa mwenye mpira. Asiye nao akitawanyika, anawafungulia adui mlango.

Mwezi huu wageni wale wale walirudi. Tulitoka sare, mabao 2 kwa 2. Bao letu la pili lilianzia kulia, ambako adui wote walikuwa wamekusanyika. Mpira ukavushwa hadi winga ya kushoto, na kijana yule alikuwa pale pale, peke yake. Alikuwa na wasaa wa kuutuliza, kutazama goli, na kufunga.

Nimekwisha kumwomba radhi mbele ya wenzake. Nanyi wazazi, mjapo kututazama, tafadhali msimwambie mtoto, "Fuata mpira!" Mwulizeni, "Mahali patupu pako wapi?"