Michezo ya kutisha ndani ya simu: kinachotisha ni nini, na mzazi afanye nini

Mtoto anainamia simu, mara anapiga kelele na kuitupa kitandani, kisha anaiokota aendelee. Anacheza nini? Huenda ni Granny, mchezo uliotoka mwaka 2017. Mchezaji amefungiwa katika nyumba ya bibi mwenye rungu, na ana siku tano za kutoroka.

Mbona unatisha wakati picha zake ni za kawaida tu? Ni kwa sababu ya sauti. Ukiangusha kitu sakafuni, bibi anasikia na kuja mbio. Hofu unajiletea mwenyewe kwa mkono wako. Basi dawa ya kwanza ni ya bure: punguza sauti, na vua spika za masikioni. Mchezo uleule utapoteza nusu ya makali yake.

Kitu cha pili kinachotisha ni kutoona. Mchezo wa Silent Hill, wa mwaka 1999, ulijazwa ukungu kwa kuwa mashine ya wakati huo haikuweza kuchora vitu vya mbali. Ukungu huo ndio uliowatia watu baridi. Cha tatu ni kukosa uwezo. Katika Amnesia, wa mwaka 2010, huna silaha yoyote, unakimbia na kujificha tu. Katika Five Nights at Freddy's, wa mwaka 2014, wewe ni mlinzi wa usiku, na kila mlango unaoufunga unakula umeme, nao ukiisha umekwisha. Sisi wa Salamabila, mashariki mwa Kongo, tunaohesabu chaji ya betri hadi sola ipate jua, hatuhitaji kufundishwa hofu hiyo.

Utajuaje mchezo unamfaa mtoto? Kabla ya kuupakua, yaani kuuingiza kwenye simu kutoka intaneti, tazama namba ya umri katika Play Store, duka la programu la simu za Android. Namba 16 maana yake miaka 16 kwenda juu. Resident Evil 5, wa mwaka 2009, ambao maadui wake wanapiga kelele kwa Kiswahili, Ulaya umepewa 18. Vijana wengi hupeana michezo simu kwa simu kwa Xender, programu ya kutumiana faili, maana hapo hakuna mega za data zinazoliwa. Lakini njia hiyo haikuonyeshi namba ya umri, na faili inaweza kuja na virusi. Mwulize aliyekupa ameitoa wapi.

Gharama je? Granny haulipiwi, unalipa mega za kuupakua, mara moja. Ukiisha kuingia unachezeka bila intaneti, kwa hiyo zima data ili matangazo yasikumalizie kifurushi.

Hapa kwetu kuna jambo zito zaidi. Mtoto aliyekimbia mapigano ya kundi la wapiganaji la Mai-Mai Malaika na jeshi anajua mlio wa bunduki. Kwake, kwa maoni yangu, afadhali bibi mwenye rungu kuliko mchezo wa risasi, na afadhali zaidi mpira. Akianza kushtuka usiku, kukojoa kitandani au kukataa kutoka nje, ondoa mchezo huo bila kumchapa. Hali ikiendelea, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, uliza kwanza bei ya fishi ya matibabu, na mweleze muuguzi yote mawili: mchezo, na yale mtoto aliyoyaona alipokimbia.