Uamuzi Ulishaufanya Machi

Ndugu Mshauri,

Nina duka la vifaa vya ujenzi mjini Kahama. Mwaka jana niliingia kwenye duara la dhahabu kule Nyarugusu. Mpaka sasa nimezamisha shilingi milioni 46 na tuko futi 110. Msimamizi ananiambia zimebaki futi kumi tu tuukute mkanda wa dhahabu, na sampo ya mwisho ilionyesha rangi nzuri. Dukani rafu ziko tupu. Silali, saa tisa usiku nipo macho napiga hesabu. Kidogo kinachopatikana nakichomea mwenyewe usiku stoo, nyuma ya duka, ili mama watoto asijue, maana anadhani duara nililifunga tangu Machi. Naomba unishauri: niuze nyumba tunayoishi nimalizie hizo futi kumi, au nichukue mkopo wa kausha damu?

Mwenye Duara, Kahama

Ndugu yangu, nyumba usiuze na mkopo wa kausha damu usichukue. Swali lako limekwisha. Kilichobaki ni sentensi moja uliyoipitisha harakaharaka, kama mtu anayepita mbele ya kibanda cha anayemdai: unachomea stoo usiku ili mama watoto asijue, maana anadhani duara lilifungwa Machi.

Mkeo hakuota kwamba duara limefungwa. Aliambiwa na wewe. Maana yake Machi ulitazama fedha iliyozama, ukatazama rafu za duka, ukaona basi, ukalitamka neno hilo mbele ya mtu ambaye maisha yake yamefungwa na neno lako. Hata kama ulilisema ili yaishe tu nyumbani, bado ulijua ni jibu gani linalosimama mbele ya mtu mwenye akili timamu. Unaniandikia kana kwamba uko njia panda, kumbe njia ulishaichagua mchana, kisha usiku ukairudi bila kuaga. Sasa nani aliubatilisha uamuzi wa Machi, na kwa hoja gani? Mwamba wa Nyarugusu haukubadilika. Kilichobadilika ni mahali pa kuamulia: mlikuwa wawili sebuleni, sasa uko peke yako stoo.

Hapo ndipo inafaa tuuzungumzie ubongo, kwa sababu wewe si mjinga, na sitaki ujione mjinga. Wolfram Schultz na wenzake walipima kwa miaka mingi seli za ubongo wa kima zinazotoa dopamini, kemikali inayomsukuma kiumbe kukifuata kitu. Kima alionyeshwa ishara, kisha akapewa tone la juisi. Mwanzoni seli zilisisimka juisi ilipofika. Alipozoea, msisimko ukahamia kwenye ishara, na juisi yenyewe ikawa jambo la kawaida. Mwaka 2003 wakaonyesha jambo lingine: ishara ikiwa ya nusu kwa nusu, juisi huenda ikaja na huenda isije, seli hizo hubaki zimechangamka kipindi chote cha kungoja. Duara ni kungoja kwa namna hiyo hiyo. Rangi kwenye karai ni ishara, simu ya msimamizi ni ishara, jiwe lililobadilika sura ni ishara. Mwili wako unalipwa kila siku kwa kungojea mkanda ambao haujaonekana, na malipo hayo unayasikia kifuani kama uhakika. Mwaka 2009 watafiti wa Cambridge wakiongozwa na Luke Clark waliwaweka watu kwenye mchezo wa mashine ya kamari huku ubongo ukipigwa picha. Waliokosa kwa kukaribia walisema hawakufurahia, lakini hamu yao ya kuendelea ilipanda, na sehemu za ubongo zinazoamka mtu anaposhinda ziliamka pia. "Futi kumi tu" inakufanyia kazi hiyo hiyo.

Najua utanijibu kwamba mashine ya kamari haina kumbukumbu, ila mwamba unao mkanda wa kweli, na sampo yenye rangi ni habari ya kweli. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Sampo inaweza kuwa na maana kubwa. Lakini angalia ilichukuliwa na nani na ikasomwa na nani. Aliyekuambia zimebaki futi kumi anakula posho kwa fedha zako. Siku duara likifungwa, posho yake inafungwa siku hiyo hiyo. Simwiti mwongo. Nasema naye ana ubongo, na ubongo wake una sababu zake za kuona rangi. Habari ya kweli ya mwamba huchukuliwa na mtu asiyepata chochote duara likiendelea wala likifungwa, jiwe likapimwa maabara na majibu yakaandikwa kwa gramu katika tani. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma, na Ofisi ya Madini iko Geita, jirani yako. Katika barua nzima hutaji maabara. Tena hutaji futi kumi hizo zitagharimu kiasi gani wala unatarajia mifuko mingapi ya mawe. Wewe unauza saruji na nondo! Je, umewahi kuagiza lori la saruji bila kuuliza bei ya mfuko?

Ulichotaja ni milioni 46, nayo ndiyo namba pekee isiyo na kazi tena katika uamuzi huu, maana hairudi ukichimba wala usipochimba. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha majibu ya watu waliopewa uchaguzi huu: upoteze 3,000 kwa hakika, au ubahatishe, uwezekano wa kupoteza 4,000 ukiwa asilimia 80. Watu 92 katika kila 100 walichagua kubahatisha. Piga hesabu: kubahatisha kunagharimu 3,200 kwa wastani, yaani ni hasara kubwa zaidi, lakini kunaacha tundu la kutumaini. Mtu aliyeko kwenye faida huwa mwoga. Aliyeko kwenye hasara huwa jasiri kupita kiasi, kwa sababu kukubali hasara kunauma kuliko kuiongeza. Unapofikiria kuiuza nyumba wanamolala watoto ili uchimbe futi kumi, usiite ujasiri. Ni maumivu ya milioni 46 yanayotafuta pa kutokea.

Kuna na uchovu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 na Dawson na Reid huko Australia ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi ya umakini kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Ukiwa umeamka alfajiri kufungua duka, saa tisa usiku umeshapita hapo mbali. Ukata nao hubana fikra: wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, walipimwa akili kabla ya mavuno, mifuko ikiwa mikavu, na baada ya mavuno. Utafiti huo wa 2013 uliwakuta watu wale wale wakifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno. Akili zao zilikuwa zile zile, ila zilikuwa zimejaa mawazo ya deni.

Kisha zebaki, ile unayoichoma pamoja na dhahabu stoo. Hapa lazima nikukaripie. Mvuke wa zebaki huingia kwa pumzi, ukapita kwenye damu mpaka kwenye ubongo, nao huleta mikono kutetemeka, usahaulifu, hasira za ghafla na kukosa usingizi. Wachimbaji wa Rwamagasa, hukohuko Geita, walipimwa na matokeo yakachapishwa mwaka 2010: wachomaji ndio waliokutwa na zebaki nyingi mwilini kuliko wenzao. Na hata kuchomea nje, kwenye upepo, ni hatari. Wewe unachomea ndani ya chumba kilichofungwa, usiku, nyuma ya duka ambalo wateja na watoto wako wanaingia mchana. Unadhani hulali kwa sababu ya hesabu. Inawezekana hulali pia kwa sababu ya moshi huo. Nenda hospitali, mwambie daktari waziwazi unachoma nini na wapi, akuelekeze pa kupima mkojo. Hilo litangulie hesabu yoyote ya duara.

Tazama sasa jinsi mambo yote haya yalivyofungwa kwa kamba moja. Kwa nini unachomea ndani badala ya nje? Kwa sababu ya siri. Kwa nini unapiga hesabu saa tisa usiku badala ya saa nne asubuhi mezani? Kwa sababu ya siri. Kwa nini maneno ya msimamizi hayana wa kuyapinga? Mtu wa kuyapinga yuko chumba cha pili, amelala, akijua duara lilifungwa. Ubongo unaovutwa na ishara, unaoumizwa na hasara, uliochoka na pengine uliotiwa sumu, haujitibu kwa kujifikiria wenyewe. Dawa yake ni ubongo wa pili ambao haukuiona ile rangi kwenye karai. Mkeo hana huo msisimko. Yeye atauliza maswali ya kuudhi: bei gani, mpaka lini, na kama haikutokea tutakula nini. Hayo ndiyo maswali ambayo barua yako haina.

Utasema atakataa tu, wanawake ni waoga wa biashara. Kwanza, waoga hawaendeshi nyumba miezi yote hii duka likiwa na rafu tupu. Pili, akikataa, kukataa kwake ni habari ya biashara kama ilivyo sampo, na ina bei nafuu kuliko futi kumi. Tatu, hiyo nyumba si yako peke yako kuitoa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Wabunge walioipitisha walielewa jambo ambalo maabara zilikuja kulipima baadaye, kwamba paa la familia halipaswi kutegemea kichwa kimoja katika usiku wake mbaya. Na hata sheria isingekuwepo: katika nchi yenu ya ng'ombe, mzee akipeleka dume mnadani bila nyumba kujua, akirudi huulizwa. Sembuse nyumba?

Utaniambia pia kwamba mvumilivu hula mbivu, na utanitajia waliotoboa. John Williamson alizunguka miaka Shinyanga hiyo hiyo akitafuta almasi, akaipata Mwadui mwaka 1940. Juni 2020 Saniniu Laizer wa Mirerani aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti kwa zaidi ya bilioni 7. Ni kweli, na nchi nzima inawafahamu. Lakini Williamson alikuwa mwanajiolojia mwenye shahada ya uzamivu, na hakuwa na mke wala watoto wa kukaa chini ya paa aliloliweka dau. Na hakuna anayeita waandishi wa habari kuwaonyesha duara kavu. Ukipita Nyarugusu na Rwamagasa, hesabu mashimo yaliyoachwa, matimba yakiozea ndani. Kila moja lilikuwa na mtu aliyeambiwa zimebaki futi kumi. Uvumilivu una heshima pale unapojua unangoja nini na mpaka lini.

Sisemi dhahabu haipo. Huenda ipo. Pengine baada ya majibu ya maabara mtakaa wawili na kukubaliana kiasi fulani, kutoka duka, si kutoka nyumba, kikaandikwa na tarehe ya mwisho, na fedha akaishika yeye. Huo utakuwa uamuzi, hata ukileta hasara. Mpaka hapo usipeleke shilingi Nyarugusu zaidi ya posho unayodaiwa na wachimbaji kwa kazi waliyokwisha kufanya. Jasho lao halihusiani na siri yako.

Leo mchana fungua mlango na madirisha ya stoo, wazuie watoto, na usifagie, maana ufagio huitawanya zebaki. Muulize daktari huyo huyo namna ya kuisafisha. Jioni, watoto wakishalala, usianze na maabara wala na Williamson. Kaa na mama watoto, anza na maneno haya: "Duara sikulifunga."