Tujifunze Pamoja: Kupasua Mbuzi wa Sherehe kwa Usafi



Sikukuu ya parokia, harusi au harambee haikosi mbuzi. Mara nyingi mnyama huyo huchinjwa uani, mbali na machinjio, na afya ya wageni wote imo mikononi mwa kijana mwenye kisu. Kwa hiyo katika toleo hili tunajifunza kazi hiyo hatua kwa hatua.

Kabla ya kuchinja
Tumwite afisa mifugo amkague mbuzi akiwa hai. Asilishwe kwa muda wa saa 12, ila apewe maji. Tumbo lililojaa hupasuka upesi. Tunapoishi na ndugu Waislamu, tumwombe mmoja wao achinje, ili kila mgeni ale.

Kupasua
Tumning'inize kwa miguu ya nyuma na kumchuna, upande wenye manyoya usiguse nyama. Tukate kuzunguka njia ya haja kubwa na kuifunga kwa kamba; umio nao ufungwe. Kisha tupasue kuanzia kati ya mapaja kushuka kifuani, vidole viwili vikitangulia ndani na makali ya kisu yakitazama nje, yasitoboe tumbo wala kibofu. Matumbo yashukie kwenye beseni lake. Ndipo tukate utando unaotenga tumbo na kifua, tutoe ini, moyo na mapafu. Nyongo iondolewe polepole. Ikipasuka, ini huwa chungu.

Kinyesi kikigusa nyama, tusimwage maji, kwani maji hukisambaza. Tukate sehemu hiyo na kuitupa, kisha tuoshe kisu kwa maji ya moto.

Ini au mapafu yenye vifuko vya maji wasipewe mbwa. Mbwa hupata tegu, na mayai ya tegu humrudia binadamu. Tuvichome moto au tuvifukie kwenda chini sana.

Jambo gumu
Mbuzi anaumwa, sherehe ni kesho, na fedha zimekwisha. Watakuwepo wa kusema, "Mchinjeni kabla hajafa." Tusikubali. Katika mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa mwaka 2007, Tanzania iliripoti wagonjwa 264 na vifo 109. Kuchinja na kuchuna mifugo wagonjwa ni njia kubwa ya kuambukizwa homa hiyo. Kupika nyama hakumsaidii aliyekwisha kushika damu.

Mnyama aliyekufa ghafla asipasuliwe kabisa. Huenda ni kimeta, na vimelea vyake hukaa udongoni miaka mingi. Tutoe taarifa kwa afisa mifugo.

Tunawaomba wafadhili wanaotoa mbuzi wakubali pia kuchangia kiroba cha maharage cha akiba. Kamati yenye maharage stoo haiogopi kumkataa mbuzi mgonjwa.

Maswali ya kujadili
1. Katika kamati yetu, nani ana mamlaka ya kusema, "Huyu hachinjwi"?
2. Akisema hivyo usiku wa kuamkia sikukuu, tutawalisha wageni nini?