Kuogelea kwa Utulivu

Asimamaye ufuoni Matema wakati wa alfajiri huona milima na maji vikikutana. Upande wa mashariki safu ya Livingstone hushuka wima mpaka ziwani. Ziwa Nyasa lina kina kipatacho meta 700 mahali palipo na kilindi kikuu, lakini karibu na mchanga maji hayapiti magoti ya mtoto. Kwa hiyo watoto wa Wakisi na wa Wanyakyusa huyazoea maji mapema, na wengine hudhani ya kuwa kuyazoea ndiko kujua kuogelea. Sivyo.

Mtu ajifunzaye na aanze kwa kulala chali juu ya maji yasiyopita kiuno chake, mwenzake mkubwa akimshika mgongo. Avute pumzi, aizuie kidogo, kisha aitoe polepole. Ndipo atakapoona ajabu: mapafu yakijaa hewa, kifua chapanda, hewa ikitoka, chashuka. Mwili hauhitaji kupigana na maji ili uelee. Aogopaye hufanya kinyume: huinua mikono juu kuomba msaada, na uzito wa mikono hiyo, ukiisha kutoka majini, hukisukuma kichwa chini. Tena hupumua upesi upesi, na nguvu humwishia. Basi pumzi ndiyo somo la kwanza, na mikono na miguu hufuata. Mwenye kusikiliza pumzi yake, na kuhisi maji yakipita mashavuni, hutulia hata moyoni; mashaka aliyotoka nayo nyumbani humpungukia.

Lakini utulivu si uzembe. Midomo ya mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo si mahali pa kuogelea, kwa maana mamba hukaa huko. Penye maji yaliyotuama na majani mengi hukaa konokono wenye kueneza kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono, hupenya ngozi ya mtu bila kuumiza, na baadaye huenda mkojo ukatoka na damu. Dawa yake iko, nayo hutolewa hospitalini. Lakini akojoaye ziwani huwarudishia konokono ugonjwa ule ule.

Tena kuna upepo. Katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu katika urefu wote wa ziwa, na mawimbi hufika upande wa Kyela yamekuwa makubwa. Tarehe 30 Julai 1946 meli Vipya, iliyokuwa mpya kweli, ilizama kwa dhoruba katika maji ya kaskazini upande wa Nyasaland, nchi iitwayo Malawi siku hizi. Watu 145 walikufa, 49 waliokoka. Kwa hiyo hata fundi wa kuogelea huyatazama mawimbi kwanza, wala haingii peke yake, wala haendi kilindini kwa kushindana.

Kazi hii haina uzee. Mkulima aliyeinama mwaka mzima katika mashamba ya mpunga huumwa magoti na kiuno. Lakini asimamapo majini mpaka shingoni, maji humchukulia karibu sehemu tisa katika kumi za uzito wake. Hapo viungo vyake hunyoka bila maumivu, na moyo na mapafu hufanya kazi. Aliyefundishwa kuelea utotoni huweza kulala vile vile chali, akiwa na mvi, akaitazama milima ya Livingstone ikipata jua.