Kununua Cherehani Kuukuu ya Ngozi na Turubai

Katika nchi ya Kitui na Makueni kazi ya kushona vitu vizito haikosi wateja. Punda wachukuao maji huhitaji matandiko na mikanda. Watoto wa shule huhitaji mikoba imara. Na malori yapitayo njia kuu ya Mombasa, kwa Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, hupasukiwa maturubai mara kwa mara. Cherehani mpya ya kazi hiyo ni ya bei kubwa, kwa hiyo mafundi wengi hutafuta iliyokwisha tumika, na aghalabu huifuata mpaka Nairobi. Akiba ya miaka miwili au mitatu yaweza kupotea katika safari hiyo moja, maana cherehani isiyofaa huonekana sawasawa kabisa na ile ifaayo mpaka siku ya kwanza ya kazi.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba kila cherehani ya kiwandani yaweza kushona ngozi. Nyingi zimeundwa kwa ajili ya nguo tu, kama mashati na sare. Huenda mbio sana, na kwa sababu ya mbio hizo mnunuzi huziona kuwa na nguvu. Lakini mbio si nguvu. Cherehani hizo husukuma kitambaa kwa meno ya chini peke yake. Juu yake mguu hukandamiza tu. Zikipewa turubai la mapindo manne, meno huvuta pindo la chini na la juu hubaki nyuma, na mshono huharibika.

Cherehani ya turubai na mikoba huwa na miguu miwili, wa ndani na wa nje, ipandayo na kushuka kwa zamu kama mtu atembeaye. Tena sindano yenyewe, ikiisha kuchoma, husogea nyuma pamoja na meno na mguu wa ndani, hata mapindo yote yakaenda pamoja. Kuitambua si vigumu. Mnunuzi na azungushe gurudumu kwa mkono, polepole, huku akitazama sindano. Ikiwa sindano hupanda na kushuka mahali pamoja tu, mashine hiyo haina mwendo huo, hata muuzaji aseme nini.

Kwa viatu iko aina nyingine, ambayo mafundi wengi huijua: Singer 29K na zile zilizoigwa kwayo. Mkono wake wa chini ni mwembamba, kiatu huweza kuvikwa juu yake, na mguu wake hugeuka upande wowote na kuisogeza ngozi kutoka juu. Herufi K ni alama ya kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank, Scotland, ambacho kilifungwa mwaka 1980. Basi hapana cherehani yenye herufi hiyo iliyo changa. Uzee peke yake si ubaya, kwa kuwa chuma chake ni kizuri. Ubaya ni kulika kwa vyuma vinavyousogeza mguu. Vikilika, mshono huwa mfupi, na mshono mfupi mno hutoboa ngozi kama karatasi ya stempu, nayo hukatika papo hapo penye mshono. Kwa hiyo mnunuzi aweke kipimo cha mshono mrefu kabisa, ashone, kisha apime kwa rula. Mishono mitano au sita katika inchi moja yafaa kwa ngozi nene. Ikifika kumi, ilhali kipimo kimewekwa mwisho, cherehani imechoka. Na hata iliyo nzima haifai kwa mishono mirefu ya maturubai, maana nyingi zina bobini ndogo sana, na fundi atakuwa akisimama kila mara kujaza uzi.

Kujaribu ndiyo kazi yenyewe, na wauzaji hupenda mno kujaribu kwa kipande cha shati. Fundi na achukue vipande vyake kutoka nyumbani: ngozi aitumiayo, turubai lililokunjwa, na uzi wake wa nailoni. Ashone kwanza mahali palipo sawa, halafu pale pindo linapopanda juu ya pindo. Hapo ndipo cherehani mbovu huruka mishono. Ikiruka, kwanza itiwe sindano mpya, kwa sababu sindano butu huleta ila hiyo hiyo. Ikiendelea kuruka, atazame ndoana ichukuayo uzi chini: ncha yake iwe kali, bila kuvunjika wala kutu. Atazame pia tundu la sahani ambamo sindano hupita. Likiwa limechimbwa pembeni, sindano imekuwa ikigonga chuma.

Aulize jina na namba ya sindano, kisha aende mwenyewe dukani kuitafuta kabla ya kulipa. Cherehani isiyopatikana sindano ni chuma tu, nayo Kitui ni zaidi ya kilomita 150 kutoka Nairobi. Sindano yenye ncha ya kukata ni ya ngozi. Ya turubai iwe na ncha ya mviringo, maana ile ya kukata hukata nyuzi za turubai lenyewe.

Habari ya mota imewaumiza wengi. Mashine zitokazo viwandani mara nyingi zina mota za umeme wa fezi tatu, wa volti 380 au 415, ambao haupatikani katika nyumba au kibanda cha kawaida. Hapo kuna fezi moja ya volti 240. Kibati cha mota husema wazi, basi kisomwe. Mota ya kizamani huzunguka wakati wote, hata fundi akiwa anapanga ngozi, na hula tokeni bure. Tena ile ya mizunguko 2,850 kwa dakika ni ya mbio mno kwa ngozi. Ziko mota za kisasa ziitwazo sevo, ambazo hugeuka fundi akanyagapo tu, nazo hukubali mwendo wa polepole. Gharama ya kubadili mota na ihesabiwe ndani ya bei. Asiye na umeme atafute 29K yenye meza ya kukanyaga kwa miguu.

Mambo yakiwa sawa, namba iliyochongwa juu ya chuma cha cherehani iandikwe katika risiti, pamoja na jina la muuzaji na namba ya kitambulisho chake, maana cherehani huibwa pia. Kabla ya kupakiwa katika basi, kichwa kitolewe mezani na mafuta yamwagwe, sindano na bobini zitolewe, na kichwa kifungwe kwa magunia. Kichwa kikiachwa juu ya meza, bawaba zake huvunjika katika barabara mbaya.